Sifuri Iliyofukizwa

1

Kila asubuhi Mize aliutazama mji wa Makwezini ukipumua, na hakuwahi kuchoka kuutazama.

Hakuutazama dirishani. Chumba chake cha kazi katika Nyumba ya Nuru hakikuwa na dirisha hata moja. Kilikuwa na ukuta mmoja mweupe, na juu ya ukuta huo hewa ya mji mzima ilijichora kwa rangi. Karafuu zilizoanikwa juani zilitoa zambarau iliyojikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa. Mkate wa kumimina ukiungua pembeni, doa la manjano lilichanua jikoni mwa mtu, likaelea hadi barazani, likafifia. Asumini ilikuwa buluu nyepesi. Pumzi za waliolala zilikuwa kijivu cha manyoya ya njiwa, zikipanda na kushuka nyumba hadi nyumba, hata ungedhani mji mzima ni mnyama mmoja mpole aliyejilaza kilimani.

Asubuhi ile, ubavuni mwa mnyama yule, palikuwa na shimo.

Mize aliinuka kitini akalisogelea. Lilikuwa jeusi tititi, na lilikuwa na umbo la nyumba: sebule, vyumba viwili, ujia mwembamba wa kwenda jikoni. Hakuhitaji kutafuta ni nyumba ya nani. Ujia ule alikuwa ameupita juzi na bakuli la uji mkononi.

"Faki!" aliita. "Njoo uone. Kuna uzi umekatika kwa shangazi yangu."

Faki Hamadi, fundi wa nyuzi, aliingia na kikombe cha chai mkononi na vumbi la mapaa magotini.

"Hakuna uzi unaokatika mji huu bila mie kujua," alisema. "Nimepita kwa Bi Kazija jana tu. Kanisemesha kwa nyuma ya mlango, kaniuliza mbona natembea juu ya paa lake kama paka mwenye viatu."

Nyuzi zenyewe zilikuwa za kioo, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Faki alizipitisha chini ya dari ya kila chumba, kisha akazivusha mitaani kutoka paa hadi paa. Ndani yake ilisafiri nuru isiyoonekana kwa macho. Kila mvuke duniani una kipande cha nuru unachokipenda. Ukikutana nacho unakimega, na nuru ikifika mwisho wa safari yake inafika na pengo. Pengo hili ni la pilipili, lile la petroli, lile la pumzi ya mtu mwenye sukari nyingi damuni. Mtambo uliopokea nyuzi zote uliyajua mapengo yote kwa majina, na uliweza kuona chembe moja ya mvuke iliyopotea katikati ya chembe bilioni za hewa. Kazi ya Mize ilikuwa kuuambia mji maana ya kilichoonekana.

"Uzi ni mzima," Faki alisema, akigusa ukuta kwa kidole chenye sugu. "Angalia. Sabuni hii hapa. Maji ya mchele. Na pumzi yake mwenyewe hii, keshaamka. Cheusi chako kimekaa juu ya rangi moja tu."

Mize alizima rangi moja baada ya nyingine, kama mtu anayepuliza mishumaa. Zambarau ikaondoka, buluu ikaondoka, kijivu kikaondoka. Ikabaki fomalini peke yake, dawa ile kali wanayopakwa maiti wasiharibike, ambayo pia huvuja taratibu kutoka kwenye gundi za mbao. Sheria ya mji ilitaka isomwe kila siku, nyumba kwa nyumba. Kwingine kote ukuta ulikuwa mweupe, maana yake sifuri. Kwa Bi Kazija tu ndiko kulikuwa na weusi.

"Nyeusi ndiyo nini?" Faki aliuliza. "Mie miaka minne humu sijaiona."

Mize alifunua kitabu cha mtambo. Ilimbidi afike ukurasa wa mwisho kabisa, penye maandishi madogo. Akasoma kwa sauti: "Nyeusi ni chini ya sifuri. Haitarajiwi kutokea."

Faki alicheka hadi chai ikamwagika. "Chini ya sifuri! Yaani kwa shangazi yako fomalini haipo, tena haipo kupita kutokuwepo! Huyo mama kasafisha nyumba mpaka katokea upande wa pili."

Mize alicheka pia, kwa sababu kicheko cha Faki kilikuwa cha kuambukiza. Lakini macho yake hayakutoka kwenye lile shimo.

"Haya," Faki alisema akipangusa mkono kwenye suruali, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Daktari ameomba tena kipimo cha nyumba yangu. Mwanangu Warda kakohoa mpaka katapika. Wanasema hewa ikiwa safi mwezi huu pia, wataanza kumpa dawa za kifua kikuu, zile za miezi sita. Mtoto wa miaka miwili, Mize. Niandikie basi nimpelekee."

Ilikuwa fomu ya ishirini. Mize aliivuta, na mkono wake ulioizoea kazi ile ukaandika kabla akili haijauzuia: Nyumba ya Faki Hamadi, fomalini, sifuri.

Faki alipotoka nayo, mlango ukajifunga polepole. Mize akabaki na shimo lake, na swali la kitoto lililokataa kuondoka kichwani. Kitu kisichokuwepo kinawezaje kupungua?

2

Bi Kazija alikuwa ndani ya eda ya mumewe, Mzee Shaali, siku ya arobaini na moja. Alikuwa mpishi wa udi aliyesifika kuliko wote Makwezini, na sasa hakuwa na ruhusa ya kujitia hata tone la marashi mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Chetezo chake cha kufukizia kilikuwa kimepinduliwa kifudifudi juu ya kabati. Mapazia yaliyokunywa moshi wa miaka yalikuwa yamefuliwa mara tatu. Nyumba ilikuwa na harufu ya maji na jua.

"Ingia, funga mlango, kaa, nyamaza," alisema Mize alipobisha. "Saa hizi ndiyo anakuja."

"Nani anakuja, shangazi?"

"Nimekwambia nyamaza."

Ilikuwa alasiri. Jua lilikuwa limeanza kuulalia ukuta wa magharibi, ukuta wa mbao za makumbi kama kuta zote za mji. Watu wa Makwezini walipokimbia maji yaliyoula mji wao wa zamani, walipanda kilimani bila saruji wala chokaa. Walisaga makumbi ya nazi, wakayachanganya na gundi iliyoletwa kwa mapipa, wakayakandamiza yakawa mbao. Zilikuwa nyumba nyepesi, za rangi ya asali, na zililia kidogo zikipata joto.

Ukuta ulilia. Bi Kazija akanyoosha mgongo, akajiweka sawa mtandio. Mbele yake palikuwa na kiti kitupu kimewekwa mto.

Kisha Mize akaisikia harufu. Ilikuja polepole, nyembamba, yenye ncha, ikamchoma kwenye kona za macho kama kitunguu kinachokatwa chumba cha pili.

"Umemsikia?" shangazi alinong'ona. "Hiyo ndiyo harufu waliyomrudisha nayo. Kafia bara, wakampaka dawa zao, wakampandisha ndege. Mie nilipofunuliwa uso wake kumuaga, ndiyo harufu niliyoisikia. Basi tangu wiki iliyopita anakuja kila siku wakati huu. Kwanza niliogopa. Sasa namwekea kiti." Aligeuka kwenye kile kiti. "Shaali, mtoto wa kaka yangu huyu kaja. Usijifanye humuoni. Ndiye aliyekuibia miwani ukadhani umeila na wali."

Alicheka. Mize hakuwa amemsikia akicheka tangu maziko, na kicheko kile kilikuwa kizima, cha mwanamke wa miaka thelathini. Mwanga wa jua ulikuwa umejaa chumba kama maji ya madafu. Kwa muda, Mize wallahi aliamini. Alimwona Mzee Shaali akikaa pale na fulana yake yenye tundu, akitafuta miwani.

Kisha akaegemeza kiganja ukutani, kwa uchovu tu, na ukuta ulikuwa wa moto kama paji la uso la mtoto mgonjwa.

Akaelewa. Akatamani asielewe.

Mtambo hauwezi kujua hewa chafu bila kuwa na hewa safi ya kulinganisha, kama mizani isivyoweza kupima bila jiwe. Ndani yake, nuru inagawanywa mara mbili. Nusu inatumwa mjini kupitia nyuzi. Nusu inapitishwa kwenye kichupa cha kioo, kikubwa kama kidole gumba, kilichojazwa hewa isiyo na kitu. Mafundi wanakiita kopo la sifuri. Kila kipimo ni tofauti kati ya nusu hizi mbili. Jiwe likiwa baya, kila kitu sokoni kina uzito wa uongo.

Na jiwe la Makwezini alilitengeneza Mize.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Shaabani, mwezi wa harusi, kila nyumba ina bi harusi au inamtarajia. Mtambo uliletwa umefunikwa turubai jeupe. Wanawake wakasema mgeni mkubwa kama huyu haingii mjini hivihivi, lazima afukizwe. Wakauvua turubai kama wanavyomfunua bi harusi. Shangazi Kazija akaja na chetezo chake cha fedha, makaa mekundu, na udi aliokuwa ameupika wiki nzima, udi wake ule wenye makonyo ya karafuu na asumini kavu ambao hakuna mwingine aliyeujua kuupika. Akauzungusha mtambo mara saba. Moshi uliingia kila tundu, kila mkunjo. Vigelegele vikapasua anga.

Kitabu kilisema: kopo lijazwe alfajiri, juu ya ukingo wa mlima, upande upepo unakotoka, mbali na watu. Mize alikuwa na miaka ishirini na miwili, amerudi kutoka chuoni na stashahada yake ndani ya bahasha, na mji mzima ulikuwa ukimtazama. Alishika kopo likiwa wazi, katikati ya ua, na shangazi yake akaufukiza mkono wake pamoja nalo. Angewezaje kuuvuta mkono? Hakuna mtu wa Makwezini anayeuvuta mkono unapofukizwa. Akalifunga kopo pale pale, wakapiga makofi.

Majivu yalituama. Mvuke ulibaki. Moshi wa udi una fomalini ndani yake, kama moshi wa kitu chochote kiunguacho. Kwa hiyo miaka minne mtambo uliamini kwamba hewa safi ni hewa yenye udi mzito wa Bi Kazija. Kuta zilitoa sumu yao, watu wakaongeza udi juu yake kila siku ya Mungu, na jumla yake ilipofanana na kilichokuwa koponi, mtambo ulisema: sifuri. Ni nyumba moja tu iliyoacha kufukiza. Moshi ulichukua siku arobaini kutoka mapaziani, na nyumba hiyo ilipobaki na sumu ya ukuta peke yake, ikawa chini ya sifuri.

"Mbona umenyamaza hivyo?" shangazi aliuliza.

"Umeniambia ninyamaze."

"Sikukwambia ulie."

"Joto tu, shangazi."

3

Siku mbili Mize alitembea na lile jambo kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Njia rahisi ilikuwepo, na ilikuwa nzuri. Angeweza kupanda ukingoni alfajiri moja, akajaza kopo jipya, akalirudisha mahali pake. Ukuta wa rangi ungegeuka mwekundu mji mzima. Angepiga kengele, akasema gundi imezeeka, kuta zimeanza kutoa sumu leo. Watu wangetoka salama. Hakuna ambaye angejua. Jina lake lingebaki safi, na la shangazi yake lingebaki safi zaidi.

Alilitoa kopo la zamani kwenye mtambo, akalishika mbele ya taa. Lilionekana tupu. Hapo ndipo alipozikumbuka fomu.

Ukisema kuta zimeanza leo, basi jana zilikuwa nzima. Na kama jana zilikuwa nzima, fomu ishirini za Warda ni za kweli, na kikohozi chake hakikutoka ukutani, na daktari ana haki ya kumtia dawa kali za ugonjwa asiokuwa nao. Na si Warda peke yake. Mize alifungua kabati akazihesabu nyumba ambazo daktari aliulizia zaidi ya mara moja. Zilikuwa kumi na moja. Kila moja ina sifuri kwa mwandiko wake mzuri wa duara.

Ilibidi aseme miaka minne yote. Na akisema, Sheha, mkuu wa mji, atataka ushahidi, na ushahidi ni kopo, na kopo likifunguliwa hakuna pua Makwezini isiyojua udi ule ni wa nani.

Alirudi kwa shangazi yake asubuhi, kabla jua halijaugusa ukuta. Akamweleza kila kitu akiwa amekaa sakafuni, bila kuinua macho.

Bi Kazija hakuuliza habari za mtambo. Alikitazama kile kiti.

"Kwa hiyo haji," alisema.

"Ni ukuta, shangazi. Ukipata joto."

"Nimekusikia ulivyosema. Nauliza kuhusu Shaali. Haji?"

"Haji."

Mwanamke yule aliinuka, akauondoa mto kwenye kiti, akaukung'uta, akaurudisha kitandani ulikotoka. Alifanya yote hayo polepole sana. Kisha akakirudisha kiti mezani. Aliporudi kukaa, alikuwa mzee.

"Ungeniacha mpaka eda iishe," alisema.

"Kuna watoto, shangazi."

"Najua kuna watoto! Unadhani mie jiwe?" Akaishika pua yake. "Miaka minne nanusa kitu chini ya nyumba hii. Nikasema ni unyevu. Nikasema ni panya kafa. Nikaongeza udi. Kila wakija wanawake, 'Bi Kazija, nyumba yangu haikai na harufu nzuri, nipikie mkali zaidi,' nami nawapikia mkali zaidi. Pua hii! Pua iliyojua karafuu ya mti gani!"

"Kosa ni langu. Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Nitasema ni moshi tu, sitasema wa nani. Nitawaomba wasilifungue."

"Moshi tu?" Bi Kazija alimkazia macho. "Ukisema moshi tu, kila mwanamke wa mji huu aliyeshika chetezo siku ile atajiuliza maisha yake yote kama ndiye aliyemkohoza mwanawe. Unataka hivyo? Weye umesoma nini huko chuoni? Fungua kopo lako. Wanuse. Wajue ni mie, wakalale."

4

Baraza lilifanyika uwanja wa skuli, mchana, chini ya turubai. Sheha Makame aliketi mbele na miwani yake puani na kalamu nyuma ya sikio. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Faki alikuwa safu ya kwanza, Warda amemlalia begani. Kikohozi cha mtoto kilikuwa kikavu, kifupi, kama mtu anayegonga mlango usiofunguliwa.

Mize alisema. Hakutafuta maneno makubwa. Alisema kopo lilijazwa mahali pabaya, na mkono wake ndio uliolijaza. Kwamba kuta zimekuwa zikitoa fomalini tangu siku ya kwanza. Kwamba kila sifuri aliyoiandika ni ya uongo, ingawa alipoiandika hakujua. Upepo ulipiga turubai mara moja, likatulia.

"Ulijaza nini humo?" Sheha aliuliza.

"Moshi, Sheha."

"Moshi wa nini? Wa kuni? Wa gari? Tunahitaji kuandika."

Mize alitazama upande wa wanawake. Nyuma yao wote, kando kabisa, alisimama mtu aliyejitanda nguo nyeupe tupu, ambaye hakupaswa kutoka nyumbani ila kwa dharura. Mtu yule aliinua kidevu kidogo.

Mize akalivunja lakiri, akalifungua kopo.

Kilikuwa kichupa kidogo tu. Lakini siku ile nzima ilikuwa imo ndani yake, nayo ilitoka. Ilitembea chini ya turubai bila haraka, ikapita safu kwa safu. Makonyo ya karafuu. Asumini. Sukari iliyoungua kidogo tu, pale inapotakiwa kuungua. Watu walifumba macho bila kujua wamefumba. Mwanamke mmoja aliweka mkono tumboni, mahali alipokuwa na mtoto wake wa kwanza Shaabani ile. Mzee mmoja aliita jina, akajishika mdomo. Kwa muda wa pumzi moja, pumzi mbili, wafu wa miaka minne walikuwa hai wote, na harusi zote zilikuwa bado kesho.

Kisha upepo ukaichukua.

Hakuna aliyesema jina. Halikuhitaji kusemwa. Shingo ziligeuka, moja moja, kuelekea ile nguo nyeupe.

"Ndiyo, ni wangu," alisema Bi Kazija kutoka kule nyuma, na sauti yake ilikuwa kavu. "Andika, Sheha. Kazija binti Mbwana. Andika vizuri, nisije nikasingiziwa moshi wa mtu mwingine."

Sheha alichukua kalamu, akabaki ameishika.

"Na makaa yalikuwa yangu," ilisema sauti nyingine. Ilikuwa ya Bi Nunuu, jirani yake, mwenye kuanika karafuu. "Tena niliyachagua makubwa. Andika na hilo."

"Mie nilifunua turubai," akasema mwingine.

"Sasa mkianza kuandikwa wote," Sheha alisema, "tutafika kesho."

Wachache walicheka, kicheko cha watu wenye koo kavu. Faki hakucheka. Alisimama, mtoto begani, akamwendea Mize mpaka wakawa uso kwa uso.

"Nipe cha kwangu," alisema.

Mize alikuwa nacho tayari, kimekunjwa mfukoni. Alikuwa amekokotoa upya nyumba zote kumi na moja, na ya Faki aliianza. Namba ile ilikuwa mara saba ya kiasi ambacho mtoto anapaswa kukivuta. Faki aliisoma. Akaisoma tena midomo ikicheza.

"Mara ishirini nimekuja kwako," alisema kwa sauti ndogo. "Nikakuletea na maandazi."

"Faki..."

"Usiniite." Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni karibu na moyo, akaondoka kuelekea kwa daktari. Hakukimbia. Lakini watu walimpisha kama mtu anayekimbia.

5

Siku ya tatu mji ulikuwa umetoka nje. Mikeka ilitandikwa juu ya ukingo wa mlima, vyandarua vikafungwa kwenye fito, na nyumba za rangi ya asali zilisimama chini zikiwa wazi milango na madirisha, kuta zikichomolewa ubao kwa ubao. Dawa za kifua za Warda zilirudishwa kwenye kasha kabla hazijafunguliwa. Alikuwa bado anakohoa. Daktari alisema itachukua miezi. Kazi ya kusoma hewa ilikuwa imeondolewa mikononi mwa Mize mpaka atakapokuja mwingine. Lakini mwingine hakuwa amefika, na kopo lilitaka kujazwa, na hakuna aliyejua kulijaza ila yeye.

Alipanda alfajiri, wakati ukungu ulikuwa umejaa mabondeni na vilele tu vikiota juu yake. Alidhani yuko peke yake. Alipofika penye mwamba alimkuta Faki, amesimama na uzi mmoja wa kioo umening'inia kwenye kidole, akipima upepo. Hakumsalimu.

"Upepo umegeuka," Faki alisema bila kumtazama. "Sogea huku."

Mize alisogea. Ndilo neno pekee alilompa asubuhi ile, naye alilipokea kama mtu anayepokea maji.

Bi Kazija alipanda nyuma yao akihema, nguo nyeupe imelowa umande. Watu kadhaa walimfuata, wamejifunga shuka, na alipowaona wanakaribia aliwageukia.

"Rudini! Nyuma kabisa! Weye Nunuu una mafuta ya nazi kichwani, mpaka kule kwenye jiwe. Na weye uliyekula kitunguu jana, nakunusa." Mwenyewe akaenda upande upepo unakoelekea, akakaa chini, akaificha mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Mize aliinua kopo juu ya kichwa, akalifungua. Hakuna kilichoonekana kuingia. Hewa ilitoka mbali, ikapita juu ya bahari iliyokuwa zamani mji wao, ikapita juu ya ukungu, ikaingia mle bila kubisha. Alihesabu mpaka mia kama kitabu kilivyosema. Akalifunga. Akalitia lakiri.

Alipolishusha, shangazi yake alikuwa ameshasogea. Alilitazama kopo kwa muda mrefu, akigeuza kichwa huku na huku.

"Humo hamna kitu?"

"Hamna kitu, shangazi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Bi Kazija aliutoa mkono mmoja nyuma ya mgongo. Kwa ncha ya kidole, polepole, akaligusa kopo kwa nje, juu ya kioo.

"Maskini," alisema.